Kitovu Ukingoni mwa Sullacocha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Lima, na goti lako limetulia. Sisi huku hatujambo. Viazi vimekubali mwaka huu, na mume wangu Fortunato anakusalimu sana, ingawa anaogopa utasema nini ukimaliza kusoma.

Najua unanisubiri. Umeshanitandikia kitanda, umenitafutia na hospitali, maana hutaki nizae milimani kama ulivyonizaa wewe. Nakushukuru kwa moyo wote. Lakini soma kwanza.

Watu wa mgodi walikuja mkutanoni. Wanataka kulikausha ziwa letu, Sullacocha, wachimbe dhahabu iliyo chini yake. Mhandisi wao, kijana mwenye koti jipya, akatuambia tusiwe na wasiwasi, watatujengea bwawa kubwa kuliko ziwa. Maji ni maji. Mama mkwe wangu Eulogia akainuka, akitafuna majani yake ya koka shavuni. "Mwanangu, mama yako yu hai?" Akajibu ndiyo. "Basi tumchukue huyo, tukuletee mwingine mnene zaidi. Utashukuru?" Tulicheka hadi mbwa wakabweka.

Mhandisi hakucheka. Alisema sisi tunaleta hadithi za wazee, yeye analeta sheria. Kule juu ziwani hakai mtu, wala hajawahi kuzaliwa mtu. "Sasa mnataka nimwombe nani ruhusa? Bata?"

Mama, nilipandwa na hasira mpaka mtoto akanipiga teke. Sisi hatuteki hata ndoo moja bila kulisalimu ziwa lile na kuliomba. Hatufui humo, hatulitukani, hatuzidishi zamu zetu za kuteka maji, na ndiyo maana lipo hadi leo. Huyu kasoma vyuo vyote hivyo, na kuomba hakufundishwa! Mshamba nani hapo?

Sasa usikasirike. Siji Lima. Nilipoona siku zimekaribia, nilipanda na Eulogia hadi kibanda cha wachungaji, pale pale ziwani. Uchungu ulinikaba vibaya. Niliogopa, nikakuita wewe. Mjukuu wako amezaliwa salama, msichana, mwenye sauti kuliko tarumbeta. Kondo la nyuma na kitovu chake tumevizika ukingoni mwa maji, kwa koka na pombe ya mahindi, kama ulivyozika vyangu nyuma ya nyumba ile ambayo mpaka leo umekataa kuiuza. Wewe ndiye uliyenifundisha: kilipozikwa kitovu chako ndipo kwako, na kwako hakuuzwi.

Watu wa mgodi wanarudi Alhamisi. Kijiji kizima tutakuwa njiani, nami mbele, mtoto mgongoni. Hawapiti, Mama. Ukitaka kunilaani, nilaani ukishambeba.

Wasalimie majirani zako wote, hasa yule anayekufulia goti likikuuma. Eulogia anakutumia viazi vikavu, na anasema hana ugomvi nawe. Mtoto hatujampa jina. Hilo ni lako, na utampa hapa hapa, kando ya ziwa, ukiwa umemshika.

Ni mimi bintiyo nisiyehama,
Nélida