Ulimi Uliomwinua Baba Kitandani

Shunde, 28 Aprili 1986

Wifi yangu kipenzi Shaoqiong,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia sebuleni hadi jikoni. U mzima? Barafu ya huko Harbin imeshayeyuka, au bado mnatembea mmejifunika hadi puani? Na mumeo je, kikohozi kimemwachia? Mchemshie pea na sukari ya mawe, na vitu vya kukaanga mfungie kabatini hata akinuna. Sisi hatujambo. Safari hii nikisema hatujambo ni kweli, si kama barua ya mwezi uliopita, niliyokudanganya kwamba Baba anaendelea vizuri.

Sasa kaa chini. Kama umeshika kikombe kiweke mezani. Baba amekula! Amekula, wifi, bakuli mbili, na mfupa akaufyonza! Nimekaa siku sita na habari hii kifuani, sijui nilivyoweza.

Ngoja nianze mwanzo, maana nilikuficha mengi. Tangu tumzike Mama mwezi wa kwanza, Baba hakuwahi kuwasha jiko. Baba huyuhuyu, aliyekuwa hampi mtu bakuli asubuhi mpaka atoe ulimi dirishani, ausome kujua mwili wake una moto au baridi! Mimi nilipoolewa hapa nilidhani ananitania, kumbe ni kweli, bibi harusi natoa ulimi mbele ya wakwe. Basi yote hayo yaliisha. Duka la chai ya mitishamba alilifunga, akalala akigeukia ukuta, na jiko akaniachia mimi.

Nami nilipika, Mungu shahidi. Nikapika bata na mumunye, akasema bata ni baridi, na kwa unyevunyevu huu wa masika nataka kumzamisha. Nikapika kuku na tangawizi, akasema huo ni moto mtupu, nataka kumchoma koo. Nikapika choroko, akaniuliza kama naona ana tumbo la ng'ombe. Siku moja nikachoka, nikamuuliza basi nipike nini, Baba, niambie mwenyewe. Akanijibu polepole kwamba anayetafuta usawa wa moto na baridi mwilini ni mtu mwenye kazi na huo mwili, na yeye hana kazi nao tena. Nilikwenda jikoni nikalia hadi sufuria ikaungua.

Alikuwa anakunywa uji mwepesi tu, vijiko vitatu, vinne. Suruali anaifunga kwa kamba. Kaka yako Zhaopei alimpeleka zahanati, na daktari akamvuta pembeni akamwambia kwamba ugonjwa hauoni, ila mzee akiendelea hivi haamini kama ataziona mbio za mitumbwi za mwezi wa tano. Kaka yako unamjua, maneno yake ya kuhesabu. Alirudi, akaniambia hilo moja, akaenda kukaa nje.

Basi Jumanne iliyopita asubuhi nikaenda kitandani kwa Baba. Nikamwambia siku hizi sijisikii vizuri, mikono baridi, tumbo linanikata, usingizi hauji. Akasema niende kwa daktari, hakugeuka hata kidogo. Nikasema sawa, Baba, ila nitazamie ulimi tu, mara moja, halafu nakuacha ulale. Nikautoa.

Wifi! Mzee aliruka! Alinishika taya, akaniburuta hadi dirishani, akanifungua mdomo kama anayenunua punda. Akaanza kufoka: tangu lini, na kwa nini nimenyamaza, mimi ni mjinga wa wapi? Ulimi wa zambarau, damu imeganda kwa baridi, nilikunywa nini, nilioga maji ya kisima? Mtoto wa watu amkaukie hapa nyumbani, wazazi wake atawatazama kwa macho gani? Alikuwa anafoka huku anatafuta viatu.

Alikwenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe. Nikamfuata kwa mbali, nikamsikia akigombana na muuza kuku, anamwambia huyu kuku ana umri wa bibi yako, nipe mwingine. Akarudi na kuku mweusi, tangawizi kongwe na kunazi nyekundu. Halafu, wifi, akalifungua lile kopo la Mama la maganda ya machungwa yaliyokaushwa, ambalo hakuna mtu aliyethubutu kuligusa. Alinusa, akasimama kidogo, akachukua vipande viwili, akalifunga.

Chungu kilikaa motoni kwa muda wa saa tatu. Mimi nimefunikwa blanketi kwenye kiti, joto linaniua, natetemeka kwa kujilazimisha. Na mpishi lazima aonje. Kwanza akaonja kijiko. Kisha akasema hajauelewa vizuri huo mchuzi, akajimiminia kibakuli. Kisha kingine, eti kile cha kwanza kilikuwa kimepoa! Nilijificha uso ndani ya blanketi nisionekane nacheka. Kufikia Ijumaa alikuwa anakula nasi mezani, na kaka yako ametukanwa kwa utando mweupe wa ulimi wake, naye anatabasamu tu. Jumamosi duka likafunguliwa.

Sasa nikuungamie, wifi yangu, maana siwezi kubeba hili peke yangu. Sikuumwa. Ile zambarau ni rangi ya forosadi, yale matunda meusi ya kutia doa. Kila kulipopambazuka nilikwenda kwenye miforosadi nyuma ya mabwawa ya samaki, nikala konzi mbili, nikausugua ulimi hadi ukaiva. Wewe umezaliwa humu, unaijua sheria: haruhusiwi mtu kula kitu chenye rangi kabla ya kukaguliwa. Kumdanganya Baba kwa ulimi ni kumtemea mate usoni. Niliogopa, nakuambia kweli. Nilijua akigundua kwamba nimechezea kazi yake, na msiba wake juu yake, angerudi kwenye kile kitanda na asiinuke tena. Lakini kuacha nako nilishindwa, maana anakula.

Jana asubuhi nikatoa ulimi kama kawaida. Akautazama, akasema naendelea vizuri. Kisha, huku anakoroga chungu, akasema kwamba forosadi zinapoza tumbo, nisizile kabla jua halijatoka.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kupiga magoti, akaniambia niinuke, nitachafua suruali. Akasema alijua tangu Jumanne, pale pale dirishani. Nikamuuliza, sasa Baba, kama ulijua, sokoni ulikwenda kufanya nini?

Akaupunguza moto wa jiko. Halafu akaniambia kwamba Mama naye alikuwa akimfanyia hivyohivyo. Kila Baba aliponuna akasusa kula, Mama alimjia na ulimi mweusi kwa zeituni za chumvi, analalamika tumbo. Miaka thelathini na minane. Na kila mara Baba aliinuka akampikia, wala hakumwambia hata siku moja kwamba anajua. Alikuwa akingoja wazeeke vizuri, amwambie wacheke pamoja. Alidhani muda upo.

“Basi nakuambia wewe, mwanangu,” akasema. “Ila mama yenu alikuwa hodari kukushinda. Yeye alisafisha meno kwanza.”

Wifi, tulicheka, tukacheka, kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mimi nikamshikia mwiko.

Niishie hapa, ananiita mezani na mchuzi hausubiri. Msalimie mumeo, wakumbatie watoto kwa niaba yangu, na kaka yako usimwambie kitu. Sote tunakukumbuka.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Luo Yinghuan