Kiganja Kimoja cha Gome

Mogogosiek,
Jumatatu, 3 Machi 2025.

Kwa Kaka Johana,

Pokea salamu zangu, wewe, Elmina na watoto. Natumaini huko Siongiroi mvua imewakumbuka na ng'ombe wanapata maji. Sisi huku tuko sawa. Mguu wangu ulioteguka umepona, majani chai yanakuja vizuri, na kile kitalu nilichoanza na pakiti tupu arobaini za maziwa huku mkinicheka, sasa kina miche elfu ishirini na tatu. Simu ningepiga, lakini haya si ya simu.

Wiki mbili zilizopita walikuja wanafunzi wa chuo kuhesabu mimea ya msitu wetu wa bondeni, na mwalimu wao, Bi Wilkista. Walifunga kamba mraba, mita ishirini kila upande, wakahesabu kila kilichomo, wakahamia kwingine. Katika miraba mitano walipata aina sitini na nne. Walitaka jina la kila mmea kwa Kipsigis na kazi yake kwa watu wa zamani. Chifu aliwaelekeza kwangu, kwa kuwa mimi ni binti wa Rebeccah mwenye dawa, tena nina kitalu.

Kaka, nilijua kumi na tisa. Tebeswet nilijua. Senetwet ya kusafishia vibuyu vya maziwa nilijua, hiyo hata mtoto anaijua. Baada ya hapo nikaanza kusema ni dawa ya tumbo. Nilisema dawa ya tumbo mara kumi na moja, mpaka Wilkista akauliza kama watu wa huku hawaumwi mahali pengine. Wanafunzi walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini si sana.

Unajua kwa nini sikujua. Nilimjengea Mama nyumba, nikamwekea tangi la maji, kliniki nilimpeleka mimi, na aliyekuwa akitembea naye msituni ni Elmina mke wako, binti ya Nyamwange aliyetoka Kisii kuja kuchuma chai ya kampuni. Nilipomuuliza Mama sababu, alisema mimi nahesabu kabla ya kuangalia. Hilo neno lilinikaa moyoni.

Mwishowe tulifika kwenye ule mti wa dawa wa Mama, sogoet. Bado umesimama, mkavu, matawi matupu. Wilkista aliuzunguka, akasema gome lilichunwa mzunguko mzima, na mti ukichunwa hivyo hauponi. Akauliza ni nani alifanya. Nikasema ni mambo ya zamani.

Unakumbuka yaliyosemwa siku ya mazishi ya Mama, Juni 2021. Udongo wa kaburi haujakauka, mzee Kimutai wa kamati ya msitu alisimama uani akasema mti wa Rebeccah umeuawa, na anayeingia kule na kisu ni mmoja tu. Wengine wakaongeza kwamba mtu wa kuja hana huruma na mti wa wenyewe. Elmina alijibu mara moja tu: "Mimi nilitoa kiganja kimoja." Hakuna aliyemuuliza maana yake. Wewe ulinyamaza. Agosti mkahama.

Basi, hatua thelathini chini ya mti huo, wanafunzi walituita. Walikuwa wameona miche mitano ya sogoet kwa mstari mmoja, imezungushiwa vijiti ng'ombe wasiikanyage. Inanifika kifuani. Msitu haupandi kwa mstari. Wilkista aliuliza kama ni kazi yangu, na ningeweza kusema ndiyo. Lakini matunda ya mwisho ya mti ule niliyaokota mimi pia. Mbegu mia tatu na kumi na mbili, nikazianika juu ya mabati wiki mbili kama maharagwe, na haikuota hata moja. Wilkista alinieleza kwamba mbegu ya sogoet haingoji, ikikauka imekufa, lazima ipandwe mbichi. Kwetu, baada ya Mama, aliyejua hilo ni mmoja. Alipanda kabla hamjahama, Kaka, baada ya yale tuliyomwambia.

Sasa niseme. Mti niliuchuna mimi.

Mama alikuwa anakohoa usiku na mchana. Elmina alimletea gome la kuchemsha, kipande cha upana wa kiganja, kutoka upande wa macheo peke yake, na kidonda cha mti akakipaka matope. Akasema kingine ni mpaka hapo papone. Nilipiga hesabu: vikombe vitatu kwa siku, kile kipande kingeisha siku ya kumi na mbili. Niliona anambania Mama. Nikaenda peke yangu na kisu cha kupogolea chai, nikazunguka mti wote. Nilipoyakausha magome yalifika kilo nne, mfuko mzima.

Mama aliyanywa siku mbili. Siku ya tatu aliomba kuyaona, akayapapasa, akaniuliza yametoka upande gani. Nikasema macheo. Alinirudishia, na tangu hapo kwangu akakubali maji moto tu. Siku ya tisa alituacha. Kipande cha Elmina kilikuwa bado jikoni, kimefungwa kwa gazeti, hakijaisha.

Halafu uani nikasikia mke wako akitajwa, nikakaa kimya. Sina hesabu ya kujitetea hapo.

Tafadhali msomee Elmina barua hii yote, usiruke mahali. Jumapili, baada ya matangazo, nitasimama kanisani niyaseme mbele ya mzee Kimutai na wale wale, Elmina aje asije. Wilkista anarudi tarehe kumi na saba kwa majina yaliyobaki. Nilimwambia yale kumi na moja ya tumbo ayafute, na kwamba mwenye kujua anaitwa Elmina na anakaa Siongiroi. Ameliandika hilo jina. Kama Elmina atakubali, nitamfuata mwenyewe. Kama hatakubali, nitaendelea kuikinga na ng'ombe ile miche yake.

Nisalimie Vinny, mwambie shangazi anamkumbuka. Mungu awalinde nyote.

Ule mfuko wa magome bado uko stoo kwangu. Jana niliupima. Kilo tatu na robo tatu.

Ni mimi dada yako,
Chepkurui