Visima Viwili, Ukuta Mmoja

Jumatatu, 3 Februari
Nimewasha pampu kabla ya chai. Hadi adhuhuri tangi halijajaa, na wateja wetu wa maji wanasubiri langoni. Mwaka jana, kisima kikiwa kipya, lilikuwa linafurika uani. Mume wangu Kyalo aliwahi kufanya kazi na wachimbaji wa mafuta kule kaskazini. Anasema hata visima vya mafuta ya mwambani, vile vya Marekani vya kupasua miamba, ni hivyohivyo. Mwanzoni vinafoka, halafu vinashuka ghafla, na mwenyewe hana budi kuchimba kingine asifilisike. Sisi hatuna uwezo wa kuchimba kingine.

Alhamisi, 6 Februari
Mtambo wa kuchimba umeingia kwa jirani yetu Wafula. Ni ukuta tu unaotutenganisha. Huyu alikula Krismasi kwetu. Vikombe vinagongana kabatini. Kyalo amemwambia, "Wafula, unachimba ndani ya maji yangu."
Wafula akacheka. "Maji ni ya Mungu, jirani."
Namchukia. Sikujua naweza kumchukia mtu hivi.

Jumanne, 18 Februari
Wamepata maji. Watoto wao wameoga barabarani wakipiga vigelegele. Kwetu matope, kisha hewa tupu. Pampu imelia kama mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko. Wateja wamehamia lango la Wafula. Wangefanya nini? Nimewatukana hata hivyo.

Jumamosi, 22 Februari
Kyalo amekata nyaya za pampu ya Wafula. Mchana kweupe, mtaa mzima wa Kayole ukitazama. Wafula akatoka na panga. Nilidhani anatishia tu. Akamkata Kyalo begani, nikaona mfupa. Kyalo akamrukia na spana, akamvunja taya. Akaendelea kumpiga akiwa chini.
Mimi nikaokota jiwe. Nikampiga mke wake, Mama Nekesa, aliyekuwa akijaribu kuwatenganisha. Damu ikamwingia machoni.
"Mwende, hata wewe?" akaniuliza.
Vijana wa mtaa wakaona nafasi. Wakang'oa mabomba ya pande zote mbili, wakaenda nayo.
Sikulia.

Jumapili, 23 Februari
Kyalo yuko wodini, amefungwa pingu kitandani. Wafula yuko wodi hiyohiyo, taya limefungwa waya. Askari ameketi katikati yao.
Nimesugua damu langoni. Kwa maji ya kununua.

Ijumaa, 14 Machi
Wanaume wote wawili wako rumande. Nimenunua mabomba ya mitumba. Mama Nekesa naye, na nyaya ameziunga. Tukawasha pampu asubuhi ileile, kila mtu kwake. Zote mbili zikanyonya hewa.
Nikaenda kubisha kwake. Akafungua mlango kidogo. Kovu bado bichi kwenye paji la uso.
"Umekuja kunimalizia?"
"Nimekuja kuomba msamaha."
Watu walipita, wakatutazama. Mwishowe akasema, "Msamaha sina leo. Lakini tukivuta pamoja tutakauka pamoja. Wewe vuta kesho. Mimi kesho kutwa."
Hatujawaambia waume zetu.

Alhamisi, 3 Aprili
Zamu yake ya kuvuta. Nimepanga foleni na wengine. Maji ni membamba, ila yanatoka. Yatapungua tena. Sote wawili tunajua, hakuna anayelisema.
Nilipofika mbele ya foleni, Mama Nekesa alisukuma mtungi wangu chini ya bomba kwa mguu. Hakunitazama. Aliujaza hadi mdomoni, akafunga kifuniko mwenyewe.
Nimeubeba polepole, usimwagike.