Jibu la Kurasa Tatu

Jumatatu, 18 Oktoba 1999

Vipindi vitatu vya hesabu, kama kila Jumatatu. Chaki imeisha katikati ya kipindi cha pili. Nimeandika fomula, wamenakili. Wanafunzi arobaini na wanne, madawati ishirini. Walio nyuma hawaoni ubao na siku hizi hata hawalalamiki.

Saa nne tuliitwa chumba cha walimu. Mkuu wa chuo chetu cha ufundi, Bwana Njoroge, akatugawia karatasi zake. Kurasa tatu, zimechapwa kwa kompyuta mpya. Kichwa kwa herufi nene: "Kwa Nini Ubao Umepitwa na Wakati." Anasema wale wanafunzi kumi wa chumba cha kompyuta, wanaopokea masomo ya ng'ambo kupitia laini ya simu, wameliacha darasa langu mbali sana kwenye mtihani wa Septemba. Kwa hivyo mtandao unafundisha kuliko mwalimu. Kwa hivyo darasa la hesabu lifungwe Januari, mimi na Mwalimu Mutiso twende nyumbani. Hakuandika "nyumbani". Ameandika "kupanga upya". Wanafunzi watakaomudu karo ya kompyuta watahamia huko. Wengine shauri yao.

Wakurugenzi wanakutana tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Walimu wameamua mimi ndiye nimjibu, kwa sababu nina mdomo. Miaka kumi na mmoja hapa Ruiru na hicho ndicho wanachonijulia.

Nina hasira mpaka mwandiko umeharibika.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu. Nimebaki nyumbani hapa Thika, Ngoingwa. Nimefua, kisha nikakaa kibarazani na karatasi za Njoroge na kalamu nyekundu. Nimezisahihisha kama za mwanafunzi mvivu.

Kwanza, wale kumi walichaguliwa. Walihojiwa, gredi zao za sekondari zikaangaliwa, wakali wakaenda kwa mashine. Waliobaki nikaletewa mimi. Sasa anashangaa kwamba wakali wamefaulu.

Halafu, wao ni kumi kwa mashine kumi. Mimi nina arobaini na wanne na ubao wenye ufa. Hapo halinganishi mtandao na mwalimu. Analinganisha chumba chenye nafasi na chumba kilichojaa. Anipe kumi na mimi aone.

Tena ni mtihani mmoja tu. Mwaka jana darasa langu lilifanya vizuri na hakuna aliyeandika kurasa tatu kuhusu chaki.

"Kwa hivyo" ameiandika mara saba. Mara tano hakuna kilichotangulia cha kuishikilia.

Nimefurahi. Furaha mbaya, ile ya kumkuta mkubwa wako hajui kufikiri.

Ijumaa, 22 Oktoba

Mutiso amesoma maelezo yangu akacheka hadi akavua miwani. Ana miaka hamsini na sita. Nusu ya mafundi wa stima wa Ruiru wamepita mikononi mwake. Akifutwa hana pa kwenda. Shamba lake huko Matuu ni mawe.

Alipomaliza kucheka akaniuliza kitu kimoja. "Lakini Madam Zainabu, hao watoto wakikwama, nani huwasaidia? Wakiuliza kwa barua pepe wanajibiwa kesho yake. Mvua ikinyesha laini inakufa. Na bado wanapita. Aje sasa?"

Nikamwambia sijui.

Najua sana. Nimemdanganya mtu mzima mchana kweupe.

Jumamosi, 23 Oktoba

Membley, mtaa wa wenye pesa, saa tatu hadi saa sita, kama kila Jumamosi tangu Machi. Nyumbani kwa Mama Kevin. Meza ndefu ya kulia, chai ya maziwa, mandazi ya moto. Kevin na wenzake sita. Wote saba ni wa chumba cha kompyuta.

Kanuni ya chuo iko wazi. Mwalimu akipatikana akiwafundisha wanafunzi wa chuo tuisheni, amejifuta kazi. Niliweka sahihi. Mshahara ulipoanza kuja unapotaka wenyewe, nikaanza kwenda Membley, wananilipa. Nisijitetee hapa, hakuna anayesoma.

Leo tumefanya maswali ya mikondo ya umeme kwa visanduku vyangu vitatu. Kisanduku cha ulichonacho, kisanduku cha unachotafuta, na cha katikati, kinachokosekana. Nilivibuni mwenyewe Machi, kwenye meza hii hii. Ukijaza viwili vya pembeni, cha katikati kinakwambia ni fomula gani. Hata mtoto anaelewa.

Kevin akasema, "Madam, hiyo ya kompyuta sisi hatushiki kitu. Ni wewe unatupitisha." Wakacheka wote. Mama Kevin naye akacheka, amesimama mlangoni na birika.

Mimi sikucheka. Kosa kubwa la Njoroge si lolote kati ya yale niliyoandika. Kosa ni kwamba hao vijana hawafundishwi na mtandao. Wanafundishwa na mimi. Hoja yake yote inaanguka kwa sentensi moja, na hiyo sentensi nikiiandika nimejifukuza.

Jumanne, 26 Oktoba

Jibu liko tayari. Kurasa tatu kwa kurasa tatu. Nimemsomea Mutiso na wengine wakati wa chai, wakapiga meza. Wananiita wakili.

Ni jibu zuri. Kila neno ndani yake ni kweli. Nalichukia.

Alhamisi, 28 Oktoba

Nduta alinisubiri nje baada ya kipindi. Ni wa darasa langu, dawati la mwisho, msichana asiyeongea. Baba yake ni kibarua kwenye mashamba ya mananasi. Alishika karatasi moja ya fotokopi. Mwandiko wangu. Visanduku vitatu. Kuna msichana wa Membley alimwazima.

Ameurudia mtihani wa Septemba peke yake, akitumia visanduku. Maswali yote yaliyomwangusha ameyapata. Akanionyesha daftari. Ni kweli, ameyapata.

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo limenimaliza. "Madam, kumbe ni rahisi hivi? Sasa mbona sisi hukutuonyesha?"

Nikamwambia silabasi ni ndefu, muda hautoshi.

"Sawa, Madam." Akakunja karatasi akaenda.

Jumapili, 31 Oktoba

Siku ya tatu sina raha. Nimelichukua swali la Nduta nikalikagua kama nilivyokagua kurasa za Njoroge. Nimetafuta ufa. Hakuna.

Muda? Visanduku vinataka nusu ya kipindi, basi. Silabasi? Haikatazi. Wanafunzi wengi? Hata mia wangeelewa.

Niliwaficha. Mwanzoni ni uchovu tu, ukitoka Jumamosi umetoa kila kitu, Jumatatu unabaki na fomula na chaki. Baadaye nikaona kwamba kila mtu akivijua, Membley wataniitia nini? Hiyo ndiyo sababu yote. Ukiiandika ni fupi sana.

Kwa hivyo hata jibu langu lina kosa. Nimekuwa nikimtetea mwalimu dhidi ya mashine. Lakini mwalimu ninayemtetea ni yule wa Jumamosi. Darasa langu halijawahi kumwona. Wao wanamjua wa Jumatatu, na huyo hata mimi singemwajiri.

Najiona mchafu.

Jumatatu, 1 Novemba

Nimewafundisha visanduku. Nusu ya kipindi, kama nilivyosema. Mmoja nyuma akasema "Haiya!" akapiga dawati, kisha kelele kila upande. Wengine wakaomba swali gumu zaidi. Sijawahi kuombwa swali gumu katika chumba kile.

Nduta hakuinua kichwa. Alikuwa anaandika.

Nilidhani ningefurahi. Nimeona aibu tu. Katika miaka kumi na mmoja wako wengi walionakili fomula wakaanguka, na wengine nawakuta hapa Thika wakisukuma mikokoteni, wananiamkia vizuri.

Ijumaa, 12 Novemba

Mkutano.

Nilisoma jibu langu lote nikiwa nimesimama. Wakurugenzi watano, mwenyekiti katikati, mzee mtaratibu anayesikiliza akiwa amefumba macho. Niliona vichwa vikikubali. Uchaguzi wa wanafunzi, wakakubali. Kumi kwa arobaini na wanne, wakakubali. Njoroge alikuwa anajifuta shingo na leso. Mutiso alikaa nyuma, amevaa koti lake la harusi za watu, anatabasamu kama kijana.

Nilipoketi mwenyekiti akafumbua macho. "Madam, umesema vizuri. Lakini hata wakiwa wachache na wakali, lazima kuna mtu aliwafundisha. Unatuambia si mtandao. Sasa ni nani?"

Ningeweza kusema ni bidii yao. Ilinifikia hadi ncha ya ulimi. Nikamwangalia Mutiso. Nikasema, "Ni mimi."

Nikaeleza yote. Membley, Jumamosi, visanduku, kanuni niliyovunja. Nilijua kazi imekwenda. Nilihesabu kwamba angalau darasa litabaki na Mutiso atabaki nalo. Kwa dakika moja hivi nilikuwa mwepesi, nilijipenda.

Njoroge hata hakusimama. Alizungumza polepole, kwa sauti ya kanisani. "Mwenyekiti, mmejisikilia. Huyu ndiye mwalimu tunaambiwa hakuna mashine inaweza kumfikia. Somo zuri anaweka mpaka Jumamosi, apelekee wenye dining table. Hawa wengine anawapea makombo. Mimi sijui kama kompyuta ni mwerevu. Lakini kompyuta haiwezi kumficha mtoto somo."

Kurasa zake tatu zilikuwa takataka. Nilikuwa nimezivunja kipande kwa kipande. Na hiyo sentensi moja, ambayo hakuiandika, ambayo nimempa mimi kwa mdomo wangu, sikuwa na jibu lake. Nilisimama nikatafuta kosa.

Wakapiga kura kwa mikono. Darasa linafungwa. Mimi natoka leo, Mutiso mwisho wa muhula.

Nimefika Thika, natoa funguo mlangoni, ndipo jibu likaja. Mutiso hajawahi kufundisha tuisheni hata siku moja. Kila alichojua alikitoa ubaoni, kwa wote. Mwalimu mmoja mwizi hathibitishi kitu kuhusu walimu. Ni kosa lile lile la kwanza la Njoroge, kuchukua wachache na kusema kwa niaba ya wote, kosa nililolizungushia kalamu nyekundu mimi mwenyewe. Lilikuwa mbele yangu. Mtu wa kuiokoa hoja yangu alikuwa amekaa nyuma yangu amevaa koti.

Sikumwona kwa sababu nilikuwa najishughulikia mimi. Hata kukiri kwangu kulikuwa habari yangu tu.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimeenda kuchukua vitu vyangu. Kikombe, kamusi, viatu vya mvua. Darasani walikuwa na Mutiso. Hakuna aliyetoka kuniaga na sikutarajia.

Nilimngoja hadi kengele. Nikamweleza hoja niliyoikumbuka mlangoni kwangu, jinsi ambavyo ingemwangusha Njoroge. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na chaki kwenye mikono ya koti.

"Ni hoja nzuri, Madam," akasema. "Ungeisema siku ile."

Akaingia kipindi kingine.

Mama Kevin ameniletea ujumbe kupitia kwa jirani yangu. Wazazi wa wanafunzi watakaohamia kompyuta wamesikia habari zangu, wanataka watoto wao nao waje Jumamosi. Kanuni ya chuo hainihusu tena. Meza haitatosha, wataongeza viti. Njoroge amenifukuza na hapo hapo amenitafutia wateja.

Nimekataa. Si kwa wema. Siwezi tu kuketi pale tena.

Jumamosi, 18 Desemba

Nilikuwa Ruiru kupeleka barua ya kuomba kazi shule moja ya msingi. Mfungo, jua kali, midomo imekauka. Wakaipokea bila kunitazama. Nikapita sokoni.

Nduta alikuwa pale na ndoo ya nyanya, amemshikia mama yake nafasi. Aliniona kwanza. Angeweza kuangalia pembeni, hakufanya hivyo. "Shikamoo, Madam."

Kanisa lao limemlipia. Ameingia chumba cha kompyuta tangu wiki jana, wanafunzi wapya wanazoeshwa mashine wakati wa likizo. Nikamuuliza anaonaje. Nakiri nilitaka aseme ni mbaya. Nilimtazama usoni nikilingoja hilo.

"Iko slow. Na ile Kizungu yao ni ngumu, siku zingine natoka kama sijashika hata kitu."

Nikamwambia aje kwangu Ngoingwa. Siku yoyote, saa yoyote, bila malipo. Nitamwonyesha kila ninachojua. Nilikuwa naongea haraka.

Alipanga nyanya kidogo, kubwa mbele. "Asante, Madam. Lakini wacha tu nikazane na hiyo. Kama sijaelewa, najua hata wale wengine wamepewa hiyo hiyo."

Hakusema kwa ubaya. Alinichagulia nyanya nne nzuri. Nikamwambia asome kwa bidii, akasema atasoma. Nikanunua na unga wa uji wa futari, nikarudi Thika.