Vikofi vya Mgongoni

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo. Goti langu linalia kama bawaba kavu, na mama yako ananicheka: "Bingwa mzima anashindwa na ngazi." Mikanda yangu ya ubingwa wa mieleka imeota ukungu ukutani. Nimeiacha hivyo hivyo.

Siku ulipoondoka ulinikumbatia pale kituoni. Nikakupiga vikofi mgongoni, ukaniachia papo hapo. Nilikuwa nakubembeleza, binti yangu. Lakini tangu utotoni nilikufundisha mazoezini kwamba aliyekabwa kabali akigonga hivyo amesalimu amri, mwachie. Kukumbatiana hatukuzoea, nilikuwa mbali, nikipigana, nikifukuzia hiyo mikanda.

Ukija, nikumbatie tena. Nikigonga, usiniachie.

Ni mimi baba yako,
niliyeshuka ulingoni