Goti Ulilolicheka

Ujiji, 3 Septemba 1972

Kwa binamu yangu Assani, mtoto wa shangazi asiye na haya,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa mtu aliyeondoka bila kuaga hastahili kuombewa uzima. Sisi hapa hatujambo, ila tuna aibu. Ubingwa wa kanda umekwenda Tabora, na kila nikipita sokoni mama anayeuza samaki, yule wa migebuka, ananiuliza nimeuweka wapi.

Nieleze kwa nini siku ya fainali ulinificha goti lako bovu. Marselino aliteguka bega mapema, nikamtoa. Leodgar akagombana na mwamuzi, nikamtoa kwa hasira. Nafasi zangu mbili za kubadilisha zikaisha. Halafu wewe, beki wangu wa kati, ukaanguka kama gunia la mihogo tukiwa tunaongoza moja bila. Tukabaki kumi, wakatufunga mawili. Ungesema mapema ningempanga Dismasi mahali pako. Sasa wanachama wanataka kuninyang'anya timu.

Msalimie shangazi. Mwambie alikuzaa bure.

Mtani wako,
Binamu Dadi


Kagunga, 20 Septemba 1972

Mheshimiwa Kocha Dadi Ramadhani,

Salamu. Mimi ni mzima na mama ni mzima. Barua yako wenye boti wamenifikishia.

Sikukuficha. Asubuhi ya fainali, ndani ya lori, mbele ya timu nzima, nilikuambia, "Dadi, goti langu limekufa, tafuta sanda." Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Ukasema, "Ukifa narithi viatu vyako." Nikakuambia tena tulipokuwa tunavaa jezi. Ukasema mtoto wa shangazi hajawahi kusema kweli tangu azaliwe.

Hayo sikuyachukia, ndivyo tulivyozoea. Lakini nilipokuwa nimelala uwanjani ulisimama mstarini ukinipigia kelele, "Inuka, acha maigizo!" Hilo limeniuma kuliko goti.

Daktari amesema nipumzike miezi sita, na hakuahidi kama nitacheza tena. Naomba nisihesabiwe katika timu.

Wako mtiifu,
Assani


Ujiji, 11 Desemba 1972

Kwa Assani, mtoto wa shangazi yangu,

Salaam aleikum. Goti linaendeleaje? Nauliza kweli.

Ile "Mheshimiwa" yako niliisoma, nikaifungia sandukuni, nikaitoa nikaisoma tena. Tangu utoto hujawahi kuniita hivyo, hata tukiwa mbele ya mwenyekiti wa TANU. Mke wangu Mwamini aliposoma aliniambia nimefiwa na mtani aliye hai. Chakula kilinishinda.

Nilisimama kwenye mkutano wa wanachama nikasema Assani aliniambia mara mbili. Nikawaambia na lile ambalo sikutaka kulisema: moyoni nilihisi safari hii hutanii. Lakini nilimwogopea Dismasi, ni mgeni wa mechi kubwa, na utani wetu ukanipa nafasi ya kutokusikia. Nikasema Leodgar naye nilimtoa kwa hasira, si kwa akili. Walinizomea sana. Mwishowe wakaniachia timu kwa msimu mmoja.

Sasa kabla ya mechi wachezaji wote wanapita kwa Verediana, nesi wa zahanati. Anawabonyeza magoti na vifundo, kisha ananiambia nani acheze na nani akae. Hana mtani hata mmoja kwenye timu yetu, akisema hapana ni hapana. Dismasi naye anacheza vizuri. Nilimwogopea bure.

Viatu vyako ulivyoviacha viko kwangu. Sijavirithi. Kila Ijumaa navipaka mawese visikauke. Njoo, hata kama hutacheza. Mabeki hawana wa kuwafokea, na mimi sina wa kunitukana.

Nisamehe.

Binamu yako,
Dadi


Kagunga, 6 Februari 1973

Kwa Dadi, mrithi mwenye tamaa,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, hofu ni juu yako, maana mtu aliyekosa kutaniwa miezi mitano huenda ameanza kuwa na akili, na watu wa Ujiji hawatamtambua.

Barua yako iliniliza. Mama aliponikuta na machozi akadhani umekufa, akauliza pilau ya matanga inaliwa lini. Nilipomwambia u mzima alisikitika kidogo.

Goti sasa linakunjika. Wiki iliyopita nilivuta nyavu na wenzangu mpaka mwisho bila kukaa. Kukimbia bado, lakini daktari safari hii alitabasamu. Nami nimefikiri. Nimekutania maisha yangu yote, nilipotaka kukuambia neno la kweli sikuwa na sauti nyingine ya kulisemea. Basi tupatane hivi: siku nikikuita kwa jina la baba yako, Ramadhani, ujue sitanii.

Nakuja na boti ya Jumamosi. Mabeki wako nitawafokea nikiwa nimekaa kitini, na kiti utakibeba wewe, ukikipitisha sokoni ili mama wa migebuka akuone.

Viatu acha kuvipaka mawese, mjinga wewe, vitanuka kama jiko la msiba. Viweke tu mahali pakavu. Na usivijaribu.

Bado sijafa, Ramadhani.

Mtani wako,
Binamu Assani