Kizibo Ndani ya Mpira wa Breki

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai mguu umepoa. Huku gereji tu wazima. Paka kazaa ndani ya tairi na hakuna anayethubutu kumhamisha.

Gari lenu nimelipima. Ulisema breki zimekuwa ngumu tangu mumeo alinyanyue na kulifunga matairi makubwa, nami niliamini hivyo. Nilikanyaga pedali, nikawasha injini. Pedali ilipaswa kuzama kidogo, haikuzama. Nikafungua mpira wa hewa unaotoka kwenye injini kusaidia breki. Ndani nikakuta kizibo cha mti, kimechongwa kikaenea barabara, hewa haipiti.

Jana shemeji alikuja mbio, kasikia nakagua breki.

“Nani kakwambia uguse breki?” akaniuliza. “Mimi nilikuagiza oili tu!”

Nikamjibu gari bado, kipuri hakijafika. Nimemdanganya. Gari limepona, ila silitoi mpaka uje mwenyewe, bila yeye.

Sitaki kumsingizia mtu, lakini kizibo hakikujipeleka chenyewe. Nijibu jambo moja tu: kazini mnakwenda njia moja, ile ya mteremko; mbona siku hizi yeye anapanda basi?

Kaka yako asiyepata usingizi,
Fundi